Kisu cha Buluu Kinasema Nini

Kisu kilichofuliwa kwa mkono kinapouzwa kwa bei ya samani, mara nyingi huja na rangi. Karibu na makali bapa lina manjano ya bua kavu, katikati linapita kahawia na zambarau, na mgongoni linaishia buluu iliyokolea. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Kilichofanyika ni kupasha chuma moto hadi kiwango fulani, kisha kuukatisha moto huo kwa wakati. Muuzaji huiita kazi hiyo sanaa, wala hakosei, ila rangi hizo zilikuwa na kazi ya kufanya karne nyingi kabla ya kupandishwa cheo.

Kazi yenyewe ilikuwa upimaji. Karakana ya mhunzi haikuwa na chombo cha kusoma joto, na rangi iliyojitokeza juu ya chuma ndiyo iliyomwambia fundi moto umefika wapi na lini auzime. Leo joto husomwa kwa namba, na rangi imebaki na sura yake nzuri tu. Tatizo la visu vingi vya fahari linaanzia hapo. Kipimo huonekana pale panapopimwa, pambo huwekwa pale panapopendeza, na kisu kizuri si lazima kikubaliane na vyote viwili mahali pamoja. Anayejua rangi hizi zinavyotokea anaweza kutazama kisu na kukisia kwa uhakika wa kutosha kama aliyekitengeneza alikuwa anapima, anapamba, au anajaribu kuficha jambo.

Chuma kilichong'arishwa hakikai uchi hewani. Oksijeni huungana na atomi zake za juu na kutengeneza utando wa oksidi, jamaa wa karibu wa kutu lakini mwenye adabu zaidi. Katika joto la kawaida utando huu ni mwembamba kiasi kwamba jicho halina habari nao. Joto likipita nyuzi 200 za Selsiasi, atomi hupata nguvu ya kupenya utando na kuendelea kuungana, na utando hunenepa. Ukifikia makumi ya nanomita, yaani unene ambao unywele wa binadamu unauzidi takriban mara elfu, mwanga huanza kuuhisi.

Mwanga unaoanguka juu ya utando hugawanyika. Sehemu hurudishwa na uso wa juu, na sehemu hupenya, hugonga chuma kilicho chini na kurudi. Mawimbi hayo mawili hukutana yakiwa yamepishana, kwa kuwa moja limesafiri umbali zaidi, na kilele cha moja kikiangukia kwenye bonde la jingine, hufutana. Wimbi la urefu gani litafutwa hutegemea unene wa utando. Utando mwembamba hufuta zaidi sehemu ya buluu ya mwanga, na kinachosalia jicho hukiona manjano. Ukinenepa, zamu ya kufutwa huhamia kwenye kijani, na chuma huonekana zambarau. Ukizidi hapo, wekundu ndio unaoondoka, na buluu inabaki. Kwa maneno mengine, buluu ya kisu ni mwanga mweupe uliopungukiwa na wekundu. Haimo ndani ya chuma wala ndani ya oksidi, na mtu akiikwangua apate unga wake, atapata unga usio na buluu yoyote.

Mwingereza Robert Hooke alizijadili rangi hizi katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665, akizihusisha na tabaka jembamba lililo juu ya chuma, pamoja na rangi za mapovu ya sabuni na za maganda membamba ya madini. Isaac Newton alilipeleka somo la tabaka nyembamba mbele zaidi katika Opticks ya mwaka 1704. Wahunzi hawakuwasubiri. Walikuwa wakizitumia rangi hizo kila siku, bila nadharia na bila hasara.

Walizihitaji kwa sababu ya tabia moja ya feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Feleji ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha ikazimwa ghafla kwenye maji au mafuta, kaboni hukosa nafasi ya kutoka ilipokuwa na hunaswa katikati ya atomi za chuma. Umbile linalotokea huitwa martensaiti. Ni gumu sana, na ndilo linalokipa kisu makali yanayodumu, lakini limejaa mkazo wa ndani. Kisu kilichotiwa matiko na kuachwa hivyo kinaweza kuvunjika kwa kuanguka tu sakafuni. Kwa hiyo kuna hatua ya pili: kukipasha tena moto wa wastani, mbali kabisa na wekundu, ili sehemu ya kaboni ijitoe na mkazo upungue. Kila unyuzi wa joto unaoongezwa katika hatua hii ya kutuliza hununua unafuu fulani wa kutovunjika na hulipia kwa ugumu. Fundi anatafuta mahali pa kusimama katika biashara hiyo, na mahali hapo pako kati ya nyuzi 200 na 350, ambamo chuma bado hakijaanza kung'aa kwa moto lakini tayari kimeanza kubadilika rangi. Bahati hiyo ya maumbile ndiyo iliyouwezesha ufundi mzima wa zana za kukatia kabla ya vipimo.

Namna rangi zilivyotumika inaonekana vizuri zaidi kwenye tindo, ile patasi ya kukatia chuma. Mhunzi hupasha mwisho wa tindo hadi uwe mwekundu, kisha huchovya ncha peke yake majini, kiasi cha vidole viwili hivi, na kuacha shina likiwa bado na moto. Anaitoa, anaisugua haraka kwa jiwe au msasa mpaka chuma cheupe kionekane, na kuangalia. Joto lililobaki kwenye shina huanza kutambaa kuelekea nchani, likitanguliwa na rangi. Kwanza unatokea utepe wa manjano hafifu, nyuma yake kahawia, kisha zambarau, kisha buluu, na msafara wote unasogea kwa mwendo unaoonekana kwa macho. Rangi anayoitaka ikifika kwenye makali, anaizamisha tindo nzima majini. Akichelewa kwa pumzi mbili, buluu inakuwa imepita, ncha imelainika, na kazi inaanza upya. Hapo rangi ni saa na ni mizani kwa wakati mmoja, na hakuna anayeisifu kwa uzuri.

Jedwali ambalo mafundi walirithishana, likitafsiriwa kwa nyuzi, linakwenda takriban hivi kwa feleji ya kawaida ya kaboni. Manjano hafifu hutokea karibu na nyuzi 220, na manjano ya bua kavu karibu na 230. Kahawia iko kati ya 245 na 260, zambarau karibu na 275 hadi 285, na buluu iliyokolea kati ya 290 na 310. Samawati hufuata hadi karibu 340, na baada ya hapo rangi hufifia kuwa kijivu. Wembe na visu vya kazi laini vilisimamishwa kwenye manjano, shoka na patasi kwenye kahawia na zambarau, na springi za saa kwenye buluu. Ugumu nao hushuka kwa mpangilio huohuo. Feleji yenye karibu asilimia 1 ya kaboni, ikiwa imetoka majini na ugumu wa 65 kwenye kipimo cha Rockwell C, hubaki na takriban 60 ikitulizwa kwenye nyuzi 200, na karibu 55 ikifikishwa 300. Pengo la alama tano linaonekana dogo kwenye karatasi. Jikoni ni tofauti kati ya kisu kinachokata nyama wiki nzima na kisu kinachotaka kunolewa kabla mchuzi haujaiva.

Ila jedwali hilo lina masharti ambayo vitabu vingi vya mafundi huyaweka kwa maandishi madogo, kama vinayaweka. Sharti la kwanza ni muda. Utando hunenepa kwa joto na kwa dakika pia. Bapa lililokaa saa mbili kwenye oveni ya nyuzi 200 linaweza kutoka na rangi ambayo jedwali lingeitafsiri kuwa nyuzi 230 au zaidi, kwa sababu jedwali limetungwa kwa chuma kinachopashwa kwa dakika chache. Kinyume chake, chuma kilichopata moto mkali kwa nusu sekunde kinaweza kuonyesha buluu ilhali joto lake lilivuka 310 kwa mbali.

Sharti la pili ni mchanganyiko wa feleji. Kromi huchelewesha ukuaji wa utando. Feleji isiyoshika kutu ya aina ya kawaida huanza manjano karibu na nyuzi 290, na haifiki buluu mpaka karibu 540 au 600. Mtu anayesoma rangi zake kwa jedwali la feleji ya kaboni atakosea kwa nyuzi zaidi ya 200, na atakosea kwa kujiamini.

Sharti la tatu ni usafi. Alama ya kidole kwenye bapa lililong'arishwa haionekani kabla ya moto. Baada ya moto hujitokeza kama doa la rangi nyingine katikati ya buluu, mistari ya kidole ikiwa imehifadhiwa vizuri kuliko kwenye kitambulisho. Ndiyo maana mafundi wanaotaka rangi sawasawa husugua bapa kwa msasa laini, hulifuta kwa asetoni, kisha hawaligusi tena kwa mkono mtupu. Sharti la nne ni mwanga wa karakana. Buluu inayoonekana chini ya taa ya manjano inaweza kuwa zambarau nje juani, na kwa sababu hiyo wahunzi wengi walipendelea kufanya hatua hii mbali na jua kali na kila mara mahali palepale.

Juu ya masharti yote hayo kuna la tano, ambalo ndilo zito. Rangi hueleza habari za uso. Haisemi lolote kuhusu moyo wa chuma. Bapa ambalo halikuzimwa vizuri, na kwa hiyo halikuwahi kuwa gumu, hupata manjano mazuri yaleyale kwenye nyuzi 230. Kipande cha nondo kinaweza kupitishwa kwenye rangi zote kwa mpangilio bila kosa, na kikatoka kikiwa kilekile kilivyoingia: nondo yenye rangi. Mhunzi wa zamani alilijua hilo, naye alijaribu kwanza kwa tupa. Tupa ikiteleza juu ya bapa bila kulikwaruza, chuma kimeshika matiko na rangi zina maana. Tupa ikiuma, rangi ni mapambo ya msiba.

Vyombo vilipokuja vilichukua kazi hizo zote mbili. Mfaransa Henry Le Chatelier alitengeneza katika miaka ya 1880 kipimajoto cha nyaya mbili za platini na rodi, ambacho hutafsiri joto kuwa umeme unaosomeka. Huko Marekani, Hugh na Stanley Rockwell waliomba hataza ya mashine ya kupima ugumu mwaka 1914 na kuipata mwaka 1919. Tangu hapo kiwanda kingeweza kutuliza visu elfu moja kwa joto moja, na kuthibitisha ugumu wa kila kimoja, bila mtu yeyote kutazama rangi. Visu vya kiwandani vilisuguliwa rangi yote ikatoka, kwa kuwa mnunuzi wa wakati huo aliihesabu kuwa uchafu. Mnunuzi wa leo huilipia zaidi.

Mabadiliko hayo yalipata msukumo mkubwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, ufuaji wa visu kwa mkono ulipofufuliwa. Mwaka 1976 William F. Moran na wenzake walianzisha American Bladesmith Society, chama cha wafua visu ambacho kina madaraja na mtihani wa vitendo. Kisu cha mtahiniwa kinapaswa kukata kwa pigo moja kamba nene ya takriban milimita 25 inayoning'inia bila kushikwa chini, kupasua mbao, kisha kunyoa vinyweleo kwa makali yaleyale. Mwisho hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Mpasuko mdogo wa makali huvumiliwa. Kisu kikivunjika, mtihani umeisha.

Matakwa hayo yanapingana. Kunyoa baada ya kupasua mbao kunataka chuma kigumu, na kupindwa kwa pembe mraba kunataka chuma laini. Jawabu la wengi ni kukigawa kisu. Bapa lote hutulizwa kwanza kwenye oveni kwa joto dogo linalofaa makali. Kisha makali huzamishwa kwenye sinia la maji yasimame humo, na mwali wa gesi hupitishwa juu ya mgongo, kutoka upande wa msuka hadi karibu na ncha na kurudi, mpaka mgongo uwe buluu. Maji huyazuia makali kupanda joto. Rangi hutawanyika katikati ya bapa kwa mpangilio wake: buluu juu, zambarau na kahawia chini yake, kisha chuma cheupe pale maji yalipoishia. Mara nyingi fundi huisugua rangi hiyo na kurudia zoezi mara mbili au tatu. Hapa buluu bado inafanya kazi yake ya zamani. Inaonyesha mahali moto ulipofika na mahali ulipozuiwa, na mpaka wake ni ushahidi wa mkono uliotulia.

Hata hivyo, sifa kwamba mgongo wa buluu hukifanya kisu kuwa imara zaidi zinahitaji kupunguzwa kidogo. Feleji nyingi za kaboni zina ukanda wa joto, takriban nyuzi 260 hadi 370, ambamo uwezo wa kuhimili pigo la ghafla hushuka badala ya kupanda, kwa sababu ya namna kabidi nyembamba zinavyojipanga ndani ya chuma. Buluu nzuri kuliko zote imekaa katikati ya ukanda huo. Kupindwa polepole kwenye jiliwa na kupigwa nyundo ni majaribio mawili tofauti, na mgongo wa buluu hufaulu la kwanza kwa sababu umelainika, bila kutoa ahadi yoyote kuhusu la pili. Mtu anayetaka mgongo wenye ustahimilivu wa kweli huupandisha joto zaidi, hadi kijivu, ambako uwezo huo hurudi huku ugumu ukizidi kushuka. Kijivu, bahati mbaya, hakipigi picha vizuri.

Upande wa pambo halisi una mbinu zake. Ya kale kuliko nyingi ni kuweka kipande juu ya bamba la shaba nyeupe au ndani ya chenga zake zilizopashwa moto, ili joto lienee taratibu bila mwali kugusa chuma. Watengenezaji saa wa Ulaya walitumia njia ya namna hii kwa mishale na skrubu. Mishale ya buluu ya saa za Abraham-Louis Breguet, kuanzia mwisho wa karne ya 18, ni feleji iliyopashwa moto na si rangi. Njia nyingine ni bafu la chumvi zilizoyeyuka. Shura, yaani nitreti ya potasiamu, huyeyuka kwenye nyuzi 334, na nitreti ya sodiamu kwenye 308, lakini zikichanganywa huyeyuka kwa joto dogo zaidi, hivyo bafu linaweza kushikiliwa palepale buluu inapotokea. Kipande huzamishwa kwa dakika chache, na kwa kuwa kimiminika hukigusa kila upande kwa joto moja, rangi hutoka sawasawa kuliko njia nyingine yoyote. Gharama yake ni hatari. Tone la maji likiingia chini ya chumvi ya nyuzi 300 hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha chumvi usoni mwa fundi, na makaa au mafuta yakidondokea humo huweza kuwaka kwa nguvu, kwani shura haikuingia katika historia kwa ajili ya visu.

Bafu hilo halibagui mgongo na makali. Bapa la feleji ya kaboni likizamishwa lote kwenye nyuzi 300, makali nayo yametulizwa kwa nyuzi 300, na ule ugumu wa 60 umeshuka. Mafundi makini hukwepa hasara hiyo kwa kupeleka kwenye chumvi zile sehemu zisizokata, kama kikingio cha vidole, kifuniko cha mwisho wa mpini na skrubu, na kuliacha bapa. Wengine hutumia feleji za aloi zilizokusudiwa kutulizwa kwa joto kubwa zaidi, ambazo nyuzi 300 hazizidhuru. Kundi la tatu hupaka buluu kisu kizima, hukiweka ndani ya sanduku lenye kitambaa, na hukiuza kwa mtu ambaye hatawahi kukata nacho chochote. Hilo nalo ni suluhisho la kihandisi.

Pale ambapo pambo na maarifa hukutana kwa haki ni kwenye bapa la tabaka, lile linalouzwa kwa jina la Damascus. Hutengenezwa kwa kuunganisha kwa moto na nyundo feleji mbili au zaidi, moja ya kaboni tupu na nyingine yenye nikeli kiasi cha asilimia 2, kisha kukunja na kufua mpaka tabaka ziwe mamia. Tindikali hula tabaka kwa kasi tofauti na mchoro huonekana. Likipashwa moto baada ya hapo, kila feleji hunenepesha utando wake kwa mwendo wake. Kwa joto lilelile tabaka moja huwa imeshafika buluu wakati jirani yake yenye nikeli bado iko kwenye dhahabu. Hapo rangi inaonyesha kitu kilichomo kweli ndani ya chuma, na hakuna brashi ingeweza kuifuata mistari hiyo.

Rangi nyingine ya moto ambayo haipati sifa nyingi ni nyeusi. Visu vingi vya jikoni vya Japani huachwa na ngozi nyeusi ya kutoka tanuri, iitwayo kurouchi, na makali peke yake ndiyo husafishwa. Ngozi hiyo ni oksidi ileile, ila imenenepa kupita kiwango cha kuchezea mwanga. Mhunzi asiye na haraka pia hufuta mafuta au nta ya nyuki juu ya chuma chenye moto. Mafuta huungua nusu, huganda na kujaza vinyweleo vya oksidi. Matokeo yake hayavutii mpiga picha lakini hukaa miaka na huchelewesha kutu, mambo ambayo buluu hujaribu na kushindwa.

Kushindwa huko ni jambo la kimaumbile. Utando wa makumi ya nanomita hauwezi kuzuia unyevu kwa muda wala kustahimili msuguano. Limau moja likikatwa kwa kisu cha buluu, tindikali yake huanza kuula utando hapohapo. Nyanya hufanya hivyo taratibu zaidi, na siki ni dawa inayojulikana ya kuuondoa wote. Ala ya ngozi husugua pande za bapa kila kisu kinapoingia na kutoka. Rangi inayodumu ni ile inayopakwa mafuta na kuachwa bila kazi. Yapo pia maji ya chupa yanayopaka chuma buluu bila moto, mengi yakiwa na chumvi za seleniamu na shaba. Hayo huacha tabaka la kemikali lisilohusiana na joto, kwa hiyo hayadhuru ugumu na hayasemi lolote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, buluu inayopaswa kumshughulisha zaidi haimo kwenye masanduku ya maonyesho. Wahunzi wa kwetu na mafundi wa jua kali hufua visu, sime na mapanga kwa springi za magari, feleji yenye karibu asilimia 0.6 ya kaboni. Springi hutoka kiwandani ikiwa imetulizwa kwa joto kubwa ili inyumbuke, na ugumu wake uko karibu na 45. Anayeikata, kuichonga kwenye mashine na kuitia mpini bila kuirudisha motoni na kuitia matiko upya ametengeneza springi yenye umbo la kisu. Akiifua, akaizima kwenye mafuta na kuituliza kwenye manjano, ana kisu cha kazi kinachoweza kusimama mbele ya vingi vinavyoagizwa kutoka nje, kwa sehemu ndogo ya bei.

Kisha kisu hicho hupelekwa kunolewa. Jiwe la baiskeli, linalozungushwa kwa miguu ya mnoaji, huenda polepole na kwa kawaida halina madhara. Jiwe la umeme ni habari nyingine. Makali ni sehemu nyembamba kuliko zote, na joto la msuguano halina mahali pa kukimbilia, hivyo likibanwa kwa sekunde moja tu bila kuchovywa majini, mstari wa buluu hutokea hasa pale kisu kinapokatia. Mstari huo ni taarifa kwamba pale chuma kimevuka nyuzi 300 na kimelainika. Wateja wengi huuona na kudhani ni moshi. Mnoaji mjanja huusugua kwa msasa mpaka weupe urudi, na mteja huondoka ameridhika, lakini kuondoa rangi hakurudishi ugumu. Rangi ilikuwa shahidi; ugonjwa umebaki mahali pake. Dawa ni kuuondoa kwa ubaridi ule ukanda ulioungua, kwa jiwe la maji na subira, mpaka kufikia chuma ambacho moto haukukifikia, au kukitia kisu kizima matiko upya.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuza kisu chenye rangi ni machache na hayahitaji utaalamu. Buluu iko wapi, na imekomea umbali gani kutoka kwenye makali? Feleji ni ya aina gani? Kisu kilitulizwa kwa nyuzi ngapi, na kwa muda gani? Rangi ilikuja wakati wa kutuliza au baada yake? Buluu mgongoni na chuma cheupe kwenye makali ni jibu linaloeleweka hata kabla ya muuzaji kufungua mdomo. Buluu mpaka kwenye makali, juu ya feleji ya kaboni, ni bei ya pambo, na mnunuzi anaweza kuilipa kwa hiari akijua kwamba hanunui makali. Na kisu kisicho na rangi kabisa kisipunguziwe thamani kwa kosa hilo. Huenda aliyekitengeneza alizisoma rangi zote kwa mpangilio, akasimama palipostahili, kisha akazisugua kwa sababu zilikuwa zimemaliza kazi.